Kubadilisha bomba la moshi la lori wakati mkono umevunjika

Katika tarafa ya Mgeta gari hupimwa kwa mlima. Barabara inaacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga. Inapita Mzumbe na Mlali, halafu inaanza kupanda Uluguru kwenda Langali, Nyandira na Tchenzema. Mji wa Morogoro uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya kabichi ya Nyandira yako juu ya mji huo kwa zaidi ya meta 1,000. Lori la zamani likipanda huko huenda kwa gia ya kwanza na ya pili, injini inanguruma, na bomba lake la moshi linapata moto mkali kwa muda mrefu. Likishuka na magunia ya karoti na viazi, bomba lile lile linagongwa na mawe na kurushiwa matope baridi. Haishangazi kwamba mabomba ya moshi ya magari ya mlimani hayadumu.

Makala haya yanaeleza kazi ya kubadilisha bomba hilo. Lakini, ndugu msomaji, tutaieleza kwa upande ambao vitabu vya ufundi haviutaji. Itakuwaje kama mwenye lori, ambaye ndiye dereva na ndiye fundi, amevunjika mkono? Kabichi hazingoji. Zikikaa shambani zinapasuka, na zikikaa kwenye gunia zinaoza. Basi mtu huyo hushikwa na haraka. Ama huliachia lori litembee na bomba bovu mpaka apone, ama huingia mwenyewe chini ya lori na plasta yake mkononi. Hilo la kwanza laweza kuua watu kwa sumu. Hilo la pili laweza kumwacha mtu na mkono kilema. Njia nyingine ipo, nayo ni ya kugawana kazi.

Kazi ya bomba lenyewe

Injini huchoma petroli au dizeli pamoja na hewa ndani ya silinda. Zinabaki gesi za moto. Gesi hizo hukusanywa na chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho mafundi hukiita manifoldi. Kutoka hapo zinashuka katika bomba la mbele, zinaingia katika sailensa, yaani lile dude nene linalopunguza kelele, kisha zinatoka kwa bomba la mkia. Mtambo wote huo mafundi huuita ekzosi.

Wengi wetu tunadhani kazi ya ekzosi ni kuzuia kelele tu. Kelele ni jambo dogo hapo. Kazi yake kubwa ni kuzichukua gesi za sumu na kuzipeleka mbali na watu waliomo ndani ya gari.

Kwa nini bomba linaoza? Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja. Maji hayo hutoka kama mvuke. Asubuhi ya baridi pale Nyandira utaona mkia wa gari unadondosha maji, na watu husema injini inavuja. Haivuji. Ni mvuke umekutana na chuma baridi ukageuka maji. Gari likienda safari ndefu, bomba hupata moto na kukauka. Likiwashwa kwa dakika tano tu na kuzimwa, maji hubaki ndani ya sailensa na kula chuma kutoka ndani. Kwa hiyo sailensa yaweza kuonekana nzima kwa nje kumbe tumboni imekwisha. Igonge kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kwa sauti kavu, ni nzima. Ikitoa sauti nzito iliyokufa, na mabaki ya kutu yanachezacheza ndani, siku zake zimekwisha.

Moshi usioonekana

Katika moshi wa gari imo gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi huo. Gesi hii ikiingia mapafuni huingia katika damu na kung'ang'ania mahali ambapo hewa safi ya oksijeni ingekaa. Nguvu yake ya kushika damu inazidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa.

Ni gesi ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wa Mgeta wanaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai, na wanajua pia habari za watu waliolala na jiko wasiamke.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito na akili kuchanganyikiwa. Dereva mwenye dalili hizo hufikiri amechoka au ana malaria. Ubaya mkubwa ni huo wa akili kuchanganyikiwa, maana anayetakiwa kutambua hatari ndiye ambaye akili yake imeanza kulala. Na yuko katika kona ya mlima, upande mmoja korongo.

Injini ya petroli hutoa gesi hii kwa wingi kuliko ya dizeli. Wenye dizeli wasifurahi mno. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha kansa ya mapafu.

Bomba likipasuka mbele ya sailensa, gesi hutokea chini ya kebini. Ukungu wa Mgeta unapoingia, madirisha hufungwa. Gari linapanda polepole, hakuna upepo wa kuifukuza gesi, nayo inapenya katika matundu ya sakafu na pale fimbo ya gia inapopita. Nyuma nako kuna hatari, hasa kama kuna watu wamejikunyata chini ya turubai. Mtu akianza kulalamika kichwa, simamisheni gari, zimeni injini, mtoeni kwenye hewa safi. Akizirai mlazeni kwa ubavu na mumpeleke kituo cha afya haraka. Kumnywesha maziwa hakusaidii, kwa sababu sumu hii haipo tumboni. Na mtu aliyezirai asinyweshwe kitu chochote, atapaliwa.

Hendeli inavyovunja mkono

Tuchukue mfano wa dereva mwenye lori la petroli la zamani, tuseme Bedford ya aina ya TJ. Malori hayo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na Afrika Mashariki yalikuja kwa wingi. Yapo yanayotembea bado, kwa ujuzi na ukaidi wa wenyewe. Betri ikiisha nguvu, dereva huchukua hendeli, huichomeka mbele ya injini na kuizungusha kwa mkono.

Mara nyingine injini huwaka kabla ya wakati wake na kurudi nyuma. Hendeli inarudi nayo kwa kishindo. Inampiga dereva kwenye kifundo cha mkono na kuvunja mfupa upande wa kidole gumba. Ajali hii ni ya kale kama magari yenyewe. Ilikuwa ya kawaida mno hata madaktari wa Ulaya wakauita mvunjiko huo kwa jina la madereva. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa stata ya umeme, na moja ya sababu ilikuwa kuepuka mikono na mataya yanayovunjwa na hendeli.

Anayelazimika kuitumia hendeli mpaka leo na azingatie mambo haya. Gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Kidole gumba kisiizunguke hendeli, bali kikae upande mmoja na vidole vingine. Tena hendeli huvutwa kutoka chini kwenda juu. Haisukumwi kutoka juu kwenda chini. Ukivuta kwenda juu nayo ikarudi, inaponyoka mkononi. Ukisukuma kwenda chini, inakukuta na uzito wako wote juu yake.

Basi dereva wetu amevunjika. Amekwenda hospitali, mfupa umewekwa sawa, amefungwa plasta, ambayo mitaani huitwa hogo. Kwa mtu mzima mvunjiko wa namna hiyo huchukua kiasi cha majuma 6 mfupa ushikane. Kushikana si kupata nguvu. Nguvu za kukaza spana kubwa hurudi baada ya miezi. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Juma la tatu maumivu yamepungua, vidole vinacheza, mtu anasema, “Mimi nimepona bwana, hii plasta inanichelewesha tu.” Ndani ya plasta mfupa bado una gundi laini, kama udongo wa tofali ambalo halijachomwa. Tofali hilo lina umbo la tofali, lakini usilijengee.

Kwa nini kazi ya ekzosi ni mbaya hasa kwa mtu kama huyu? Kwanza, hufanywa mtu akiwa amelala chali na mikono juu. Mkono mgonjwa hauna pa kuegemea. Pili, nati yenye kutu haifunguki polepole. Inagoma, inagoma, kisha inaachia ghafla, na mkono wote unarushwa kugonga chesisi. Tatu, sailensa ya lori pamoja na bomba lake yaweza kufika kilo 20 au kuzidi, na ikiachia inamwangukia aliye chini. Mtu mwenye mikono miwili huikinga. Mwenye mmoja huikinga kwa ule mgonjwa, maana mwili haumwulizi mwenyewe. Isitoshe, plasta haitaki maji wala mafuta. Ikilowana hulainika, na mfupa huhama.

Mgonjwa awe macho na mdomo

Dereva huyo ana kitu ambacho vijana wake hawana. Analijua lori. Anajua bolti ipi ilivunjika zamani ikatobolewa upya, na waya gani wa breki unapita karibu na bomba. Kwa hiyo kazi yake ni kukaa juu ya kigoda kando ya gari, mkono wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, na kuelekeza. Utingo na kijana mwingine wawe mikono yake. Amri itoke kwa mtu mmoja tu. Watu watatu wakipiga kelele kwa pamoja chini ya chuma kizito, mmoja ataumia.

Najua jambo hili ni gumu kwa mtu mzima aliyezoea kufanya. Kijana akishika spana vibaya, mzee anainuka kutaka kumnyang'anya. Ajizuie. Aseme tu. Kijana akisema, “Mzee, nati hii imekataa,” jibu liwe, “Iache kwanza mwanangu, iongeze mafuta, tule chakula.” Nati iliyolazimishwa hukatika, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Kazi ya kwanza ambayo mgonjwa aweza kuifanya vizuri ni ya karatasi na kalamu. Siku hizi ekzosi ya lori kama hilo haipatikani dukani kwa urahisi. Wenye kiwanda waliacha biashara hiyo ya malori huko Uingereza katika miaka ya 1980. Bomba itabidi likatwe na kuchomelewa na mafundi wa mjini Morogoro, na wao hawatakuja Nyandira kuliona lori. Wanaletewa vipimo. Hapa ndipo kisomo kinapolipa.

Upana wa bomba hupimwa hivi. Zungusha kamba mara moja kulizunguka bomba, kisha inyooshe kamba juu ya rula. Tuseme umepata sentimeta 18. Zidisha kwa 7, unapata 126. Gawanya kwa 22, unapata karibu 5.7. Basi upana wa bomba ni sentimeta 5.7, ambayo ni inchi mbili na robo. Andika. Pima urefu kutoka manifoldi hadi sailensa, urefu na unene wa sailensa, na urefu wa mkia. Andika vyote pamoja na picha ndogo ya kuchora, hata kama si nzuri. Mahali bomba linapopinda, chukua waya mnene, upinde ufuate mkunjo wa bomba hatua kwa hatua, ufungie kwenye karatasi ile. Waya huo utamweleza fundi kuliko maneno mia. Kama mkono wa kuandikia ndio uliovunjika, dereva aseme na utingo aandike, kisha amsomee.

Bomba jipya lisiwe jembamba kuliko la zamani. Gesi zikibanwa, injini hukosa nguvu na kula petroli. Wengine hutumia bomba la maji lililopakwa zinki. Ni zito, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humletea fundi homa na kutetemeka usiku. Kama fundi anakunja bomba kwa moto, hulijaza mchanga kwanza ili lisibonyee. Mchanga huo uwe mkavu kabisa. Ukiwa na maji, hugeuka mvuke na kulipua vizibo.

Kulitoa la zamani

Mahali pa kufanyia kazi pawe tambarare. Katika Mgeta hilo si jambo dogo, lakini heri kuomba ruhusa katika uwanja wa shule au wa gulio kuliko kufanyia kazi kwenye mteremko. Gari liwe limezimwa tangu jana yake. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Lori la namna hii lina nafasi ya kutosha chini, na mara nyingi halihitaji kuinuliwa. Likiinuliwa, jeki peke yake isitegemewe hata kidogo. Jeki ni ya kuinulia. Kazi ya kushikilia ni ya magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana chini ya ekseli. Matofali hayafai, maana hupasuka bila taarifa.

Jioni iliyotangulia, nati zote zipakwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, na asubuhi zirudiwe. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya. Unapoanza kufungua, kaza kwanza kidogo sana kisha legeza. Ule mwendo wa kukaza hupasua kutu. Nati ikikataa kabisa, hukatwa kwa tindo na nyundo au kwa msumeno wa chuma. Bolti za kwenye manifoldi zionewe huruma. Zikivunjika humo, kuzitoa ni kazi ya mashine. Usipashe nati moto karibu na tangi la petroli. Kama ni lazima kuchomelea kitu juu ya gari, betri itolewe kwanza waya zake.

Kabla ya kufungua klampu yoyote, bomba lining'inizwe kwa kamba mbili kwenye chesisi, moja mbele ya sailensa na nyingine nyuma. Hapo ndipo dereva wetu anapoangalia kwa makini kutoka kwenye kigoda chake. Kamba zimefungwa? Ndiyo. Nani yuko chini? Mmoja tu. Sasa fungua. Anza na mkia, halafu sailensa, mwisho bomba la mbele. Kisha kamba zinalegezwa polepole, na chuma kinashushwa, hakiangushwi.

Jambo moja la hatari halionekani. Gasketi za zamani, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya manifoldi na bomba, mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Hata kitambaa cheupe kilichozungushiwa bomba chaweza kuwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni hukaa humo miaka mingi na huweza kuleta kansa. Usiikwangue kavu wala usiipulize kwa mdomo. Ilowanishe kwa maji, itoe ikiwa imelowa, itie katika mfuko wa plastiki, ufukie shimoni mbali na watoto na maji.

Kulifunga jipya

Kosa la mafundi wengi vijana ni kukaza kila kiungo wanapokifikia. Wakifika mkiani, bomba limepinda na linagusa chesisi. Kwanza funga vyote kwa kulegeza, kuanzia injini kwenda nyuma. Gasketi iwe mpya. Halafu tazama njia yote ya bomba. Liko mbali na mabomba ya breki? Liko mbali na shafti inayozunguka? Mbali na tangi, na mbali na mbao za bodi? Nafasi ya vidole viwili ni ndogo mno karibu na mbao au petroli. Acheni kiganja kizima. Malori yetu yana bodi za mbao, na majani makavu hudondoka hapo.

Ukisharidhika, kaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Mipira ya kuning'inizia, kama haipatikani, hukatwa kutoka tairi kuukuu, kama wanavyokata watengenezaji wa katambuga. Mpira ni lazima. Injini hutikisika, na bomba lililofungwa chuma kwa chuma hukatika shingoni kabla ya mwezi kwisha. Mkia utokeze nje ya bodi kabisa. Mkia unaoishia katikati ya gari unarudisha sumu kule kule tulikokuwa tunaiondoa. Fundi mwangalifu hutoboa pia tundu dogo la milimeta 3 chini kabisa ya sailensa, maji yapate pa kutokea.

Kisha pimeni. Pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyote bomba likiwa bado baridi, na injini iwashwe. Iwashwe kwa stata, au kwa kusukumwa. Hendeli leo ipumzike. Utingo azibe mkia kidogo kwa kitambaa kilicholowana kwa muda mfupi tu, akisimama pembeni na si nyuma ya moshi. Kiungo kinachovuja kitatoa mapovu na sauti ya kufyonza. Dereva asikilize. Sikio lake halikuvunjika. Zimeni, kazeni pale palipolia, rudieni. Kazi hiyo ifanyike nje, kamwe isifanyike ndani ya banda lililofungwa.

Siku ya safari ya kwanza mwendeshaji awe mtu mwingine mwenye leseni. Mkono wenye plasta hauwezi kushika usukani wa lori lisilo na msaada wa kupunguza uzito wa kukata kona, tena katika kona za kushukia Mlali. Mkifika tambarare simameni, ngojeni bomba lipoe, mkaze nati zote tena. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa nati hulegea. Safari ya pili mkaze mara nyingine.

Mkono nao usisahauliwe siku hizo zote. Vidole vichezeshwe kila saa, na bega na kiwiko vizungushwe ili visigande. Usiku mkono uinuliwe juu ya mto. Vidole vikivimba sana, vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hapo hakuna cha kungoja gari la kesho. Plasta inabana damu, na mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chakula kiwe cha kujenga mfupa. Maziwa ya mbuzi wetu wa Mgeta, maharage, dagaa na mboga za majani vinatosha. Sigara iachwe, kwa sababu huchelewesha mfupa kuunga. Plasta ikitolewa, mkono utaonekana mwembamba na kifundo kigumu. Mtu aanze kwa kukamua kitambaa kilichokunjwa, halafu abebe kikombe, halafu sufuria ndogo. Spana kubwa ni ya mwisho kabisa, na aulizwe kwanza daktari au muuguzi.

Limebaki lile bomba la zamani, ambalo mara nyingi hutupwa nyuma ya nyumba na watoto wakalifanya baragumu. Petroli yenye madini ya risasi ilikuwa ikitumika katika nchi zetu mpaka ilipoondolewa katika Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Sailensa iliyotumika kabla ya hapo yaweza kuwa na risasi katika masizi yake, na risasi hudhuru akili ya mtoto. Kwa hiyo isikatwe kutengenezea jiko wala chombo cha kuku. Iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na wote walioishika wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.